Commodore 64, ZX Spectrum, Mega Drive au PlayStation: Uanze Kufufua Ipi Ukiwa Mwanza?

Kila baada ya wiki chache mtu huniletea mashine iliyokaa juu ya kabati tangu watoto wake walipokuwa shule ya msingi, akaiweka mezani na kuniuliza swali lile lile: je, hii inafaa kuhangaikiwa, au nitafute nyingine? Kwenye meza yangu hapa Kirumba, karibu na barabara iendayo Mwaloni, redio na televisheni zimepita nyingi kuliko kompyuta, lakini mashine za kale ndizo zinazonikalisha hadi usiku wa manane. Kwa hiyo swali hilo nalichukulia kwa uzito, na makala haya ni jibu langu kwa yeyote anayetaka kujifunza kazi hii na ana fedha za kununua mashine moja tu mbovu ya kuanzia.

Nitalinganisha mashine nne. Mbili ni kompyuta za nyumbani zilizotoka mwaka 1982, yaani Commodore 64 ya Marekani na ZX Spectrum ya Uingereza. Mbili ni mashine za gemu: Sega Mega Drive, iliyotoka Japani mwaka 1988 na kuingia Ulaya mwaka 1990, na PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwezi Desemba 1994. Sitazipima kwa utamu wa gemu zake wala kwa sifa zake, kwa sababu anayezipenda tayari ana jibu lake. Nitazipima kwa jambo moja tu: ikiharibika, huwa imeharibikia wapi. Sehemu za mashine yoyote ya kale ni za aina mbili. Zipo zile ambazo fundi redio yeyote anazo kwenye kopo lake, kama kapasita, transista, fyuzi, dayodi na ile regyuleta ya 7805 inayoshusha umeme hadi volti 5. Na zipo chipu zilizobuniwa kwa ajili ya mashine hiyo peke yake, ambazo zilikoma kutengenezwa zamani. Ugonjwa ukiwa kwenye aina ya kwanza, mashine itapona hapa hapa Mwanza kwa gharama ndogo. Ukiwa kwenye aina ya pili, mara nyingi itakubidi utafute mashine nyingine iliyokufa uichinje ili hii ipone, au uagize kifaa kutoka ng'ambo na kusubiri.

Ni vyema kujua kwa nini hapa kwetu mashine za gemu ni rahisi kupatikana kuliko kompyuta za miaka ya 1980. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na Tanzania Bara ilikuja kuona vituo vyake vya kwanza vya televisheni katika miaka ya 1990, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Miaka ile ambayo watoto wa Ulaya walikuwa wakiandika programu kwenye Commodore na Spectrum, nyumba nyingi za Mwanza hazikuwa na kioo cha kuchomekea kitu kama hicho. Zile chache tunazoziona zilikuja mizigoni mwa wanafunzi waliosoma nje, wataalamu wa miradi na wamisionari. Mega Drive na PlayStation, kinyume chake, zilifuata televisheni ilipokuwa imeshaingia sebuleni, na ndiyo maana spea zake, hata kama ni chakavu, zina mahali pa kuanzia kutafutwa.

Mazingira yetu nayo yana sauti katika uamuzi huu. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo kutu ya Mwanza haili bodi kwa kasi ya kutu ya Tanga au Dar es Salaam, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini unyevu upo mwaka mzima, na ule utando wa kijani kwenye shaba nauona katika karibu kila mashine iliyowekwa karibu na dirisha la upande wa ziwa. Wapo pia wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa mawingu kama moshi: wakivutwa na taa, huingia kwenye matundu ya hewa, hufia juu ya bodi na kuacha tabaka linaloshika unyevu. Na ipo radi, kwa sababu Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mashine yenye adapta ya nje ina nafasi ya kuokoka umeme ukija na kishindo, kwa kuwa adapta inaweza kufa badala yake. Yenye umeme wa ndani, kama PlayStation, inaupokea pigo hilo mwilini mwake yenyewe. Wakati wa mvua chomoa kila kitu ukutani, hata kama mashine imezimwa.

Nianze na Commodore 64, kwa sababu ndiyo inayotamaniwa zaidi na ndiyo ninayowazuia watu kuanza nayo. Adui yake mkubwa ni adapta yake ya asili, lile tofali jeusi lililojazwa gundi ngumu kama jiwe, ambalo haliwezi kufunguliwa na kutengenezwa kama adapta nyingine. Tofali hilo hutoa njia mbili za umeme: volti 5 za umeme wa moja kwa moja, na volti 9 za umeme wa kupishana. Regyuleta iliyozikwa ndani ya gundi ikizeeka, haifi kwa kukata umeme, bali huuachia upande. Zikivuka volti 5.25, chipu za kumbukumbu huanza kuwa hatarini, na kwenye bodi za mwanzo zipo nane, aina ya 4164, zinazoweza kuungua kwa pamoja kabla hujaona dalili yoyote kwenye kioo.

Mwaka jana kijana mmoja aliingia na mashine hiyo ikiwa imefungwa ndani ya kanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeleta nini?"

"Kompyuta ya marehemu mjomba. Alirudi nayo kutoka Ujerumani. Nimetaka kuiwasha nyumbani, mama akanikataza, akasema nije kwako kwanza."

Mama yake alimwokolea mashine. Nililitenga lile tofali, nikaiacha kompyuta ndani ya kanga yake, kisha nikafunga rezista ya ohmu 5, ile nene ya udongo, kwenye njia ya volti 5 ili livute mzigo wa takribani ampea 1. Mita ilisoma 5.08, na kijana akatabasamu. Nikamwambia avute stuli, tusubiri. Baada ya dakika kumi tofali lilikuwa la vuguvugu na mita ikasoma 5.21. Baada ya dakika ishirini, mkono ukihisi joto la kweli, namba zilikuwa zimefika 5.6 na zilikuwa bado zinapanda. Mtu aliyepima kwa sekunde tano bila mzigo angesema adapta ni nzima, angechomeka kompyuta, na baada ya nusu saa angekuwa na bodi ya kuombolezea. Kwa hiyo nasisitiza kwa kila mwenye Commodore 64: usiamini kipimo cha baridi, na kama huna uhakika, usitumie tofali la asili kabisa.

Dawa yake ipo na si ghali, ila inataka uvumilivu. Volti 5 zinapatikana kwa adapta nzuri ya kisasa yenye ampea 2 au zaidi. Volti 9 za kupishana ndizo zinazosumbua, kwa kuwa adapta nyingi madukani ni za umeme wa moja kwa moja, na kompyuta hii inauhitaji ule wa kupishana kwa shughuli zake za ndani, zikiwamo kulisha chipu ya sauti na kuendesha kinasa kaseti. Inabidi ununue transfoma ya volti 9 au umwendee fundi anayesuka mota na transfoma akusukie. Ukishamaliza, weka fyuzi kila njia.

Hata umeme ukiwa salama, Commodore 64 bado ina chipu za kwake peke yake: ya picha, ya sauti, zile mbili zinazosimamia kibodi, vijiti vya kuchezea na matundu mengine ya kuunganishia vifaa, na ile inayoitwa PLA, inayopanga nani azungumze na kumbukumbu wakati gani. PLA za zamani hupata moto sana na hufa mara nyingi, na dalili yake ni kioo cheusi bila neno lolote. Tatizo ni kwamba kioo cheusi huletwa pia na kumbukumbu mbovu, na hata na chipu nyingine kadhaa, kwa hiyo fundi asiye na chipu nzima ya kujaribishia hubaki akikisia. Zipo PLA mpya zinazotengenezwa na wapenzi wa mashine hizi huko nje, na zinafanya kazi vizuri, lakini lazima uagize. Kompyuta ikiwaka, angalia ile namba inayoandikwa juu kwenye kioo cha buluu: mashine nzima huonyesha 38911, ambayo ni idadi ya baiti zilizo huru kwa programu. Ikionyesha pungufu ya hapo, basi ipo chipu ya kumbukumbu iliyochoka, na angalau umejua pa kuanzia. Jambo jingine la kukumbuka kwa mwenye mashine zote mbili: pedi ya Mega Drive inaingia kwenye tundu la Commodore 64 bila kulazimishwa, lakini nyaya zake zimepangwa tofauti na inaweza kuua chipu ya kibodi. Plagi kuingia si ruhusa ya kuitumia.

ZX Spectrum ni jambo tofauti, na nakiri kwamba ndiyo ninayoipenda. Ni ndogo kama kitabu cha mazoezi, bodi yake inasomeka kwa macho, na chipu ya kwake peke yake ni moja kubwa tu, inayoitwa ULA, ndiyo inayotoa picha. Nyingine karibu zote ni za kawaida, ikiwamo Z80, ile chipu ya ubongo ambayo iliwekwa kwenye mashine chungu nzima za miaka ile. Mtu anayetaka kuelewa kompyuta inavyofikiri, si kuitengeneza tu, hatapata mwalimu bora zaidi ya huyu.

Ugonjwa wake wa kawaida uko kwenye umeme wa ndani. Chipu nane za kumbukumbu ya chini, aina ya 4116, zinahitaji njia tatu za umeme kwa wakati mmoja: volti 5, volti 12 na volti hasi 5. Adapta inaleta volti 9 tu. Volti 5 inatolewa na regyuleta ya 7805, na hizo nyingine mbili zinazalishwa kwenye bodi na koili ndogo na transista mbili zilizoandikwa TR4 na TR5. Volti hasi 5 ikikosekana, chipu za 4116 zinaumia ndani ya muda mfupi. Kioo kikionyesha mistari ya rangi au vijisanduku badala ya ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa maandishi chini, pima njia hizo tatu kabla ya kushika kitu kingine chochote. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: wanakuta TR4 imeungua, wanaibadilisha, wanawasha, na mpya nayo inaungua papo hapo. TR4 mara nyingi huuawa na chipu ya kumbukumbu iliyopiga shoti. Tafuta kwanza chipu hiyo kwa mita, iondoe, ndipo uweke transista mpya. Chipu za 4116 zikikosekana, zile za 4164 zinaweza kuwekwa mahali pake kwa kubadilisha njia za umeme zinazozifikia, na ukifanya hivyo chipu hizo hazitahitaji tena volti 12 na volti hasi 5.

Udhaifu wake wa pili ni kibodi, na hapo nimeumia mwenyewe. Chini ya vitufe vya mpira kuna utando mwembamba wa plastiki wenye njia za umeme, na utando huo unashuka kwenye bodi kwa mikia miwili mifupi. Spectrum yangu ya kwanza niliifungua kama ninavyofungua redio: nikatoa skrubu, nikainua kifuniko. Nilisikia mlio mdogo, kama jani kavu la mgomba linapokanyagwa, na mikia yote miwili ilikuwa imekatika. Plastiki ile ilikuwa imekauka kwa umri na ingevunjika hata kama ningekuwa mpole zaidi, lakini ningeinua kifuniko kwa sentimita chache tu na kuichomoa mikia kwanza, ningepata nafasi. Utando mpya unatengenezwa hadi leo na unaagizika. Ni mwepesi kama bahasha, kwa hiyo nauli yake si kubwa. Kubandua lile bati la juu ya vitufe ndiyo kazi, kwa sababu limegandishwa kwa gundi na ukilivuta kwa haraka linapinda na halinyooki tena. Lipashe joto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, ulibandue kuanzia pembeni.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Spectrum imfae mtu wa hapa. Programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida za muziki, na kompyuta inazisikiliza kupitia tundu la sauti. Simu yoyote yenye tundu la spika za masikioni inaweza kuicheza sauti hiyo badala ya kinasa, na gemu linalojaza kumbukumbu ya kilobaiti 48 huingia kwa dakika nne hadi tano. Unapandisha sauti ya simu karibu na mwisho, unaandika amri ya kupakia, na mistari ya rangi inaanza kukimbia pembeni mwa kioo. Commodore 64 inataka kinasa chake maalumu, au kaseti zake za kuchomeka, au kifaa cha kadi ya SD kilichotengenezwa kwa ajili yake. Kwa mtu mwenye bajeti ya mashine moja, tofauti hiyo si ndogo.

Adapta ya Spectrum ni volti 9 za umeme wa moja kwa moja, hasi ikiwa katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa mjini. Usiichomeke bila kupima upande. Ile ya asili, kwa kuwa haina regyuleta ndani, husoma volti 12 na zaidi isipokuwa na mzigo. Hilo ni la kawaida na halina uhusiano na ugonjwa wa tofali la Commodore.

Sasa Mega Drive. Nikiambiwa nimchagulie mwanafunzi ambaye bado mkono unatetemeka akishika pasi ya kulehemu, nachagua hii bila kusita. Ndani yake mna chipu ya 68000 inayofanya kazi kuu na Z80 inayosaidia kwenye sauti, na chipu zake, hata zile za kwake peke yake, ni imara. Ni nadra sana kukuta iliyokufa bila mtu kuiingiza umeme usio wake. Magonjwa yake yako nje ya chipu hizo: tundu la umeme linalolegea kwa sababu risasi imepasuka chini yake, regyuleta za 7805 ambazo toleo la kwanza linazo mbili, ile njia ya sauti ya spika za masikioni inayokwaruza, na tundu la kaseti za gemu lililojaa vumbi. Nimewahi kupokea Mega Drive iliyotangazwa kuwa imekufa kabisa. Niliigeuza bodi chini ya taa, nikaona duara jembamba kama unywele kuzunguka pini moja ya tundu la umeme. Risasi ilikuwa imeachana na pini. Niliigusa kwa pasi kwa sekunde tatu, nikaongeza risasi mpya kidogo, ikawaka.

Tahadhari yake ni adapta. Toleo la kwanza, lile kubwa lenye swichi ya sauti mbele, linataka volti 9 na hasi katikati. Toleo la pili, lile dogo, linataka volti 10 na chanya katikati. Wauzaji wa mitumba huzichanganya kwenye mfuko mmoja. Soma alama iliyochongwa chini ya mashine, soma alama ya adapta, kisha pima kwa mita hata kama alama zinakubaliana.

Kuhusu kaseti zake, tuache kupuliza kwa mdomo. Sote tulifanya hivyo utotoni na gemu liliwaka, lakini lililosaidia ni kuichomoa na kuirudisha, si pumzi. Mate yanabaki kwenye shaba na utando wa kijani unaanzia hapo. Tumia pamba ya masikioni na alkoholi safi ya kusafishia vifaa vya umeme. Usitumie tina ya rangi wala petroli, ambazo nimeziona zikiyeyusha plastiki ya tundu lenyewe.

PlayStation ina sifa ya kupatikana kwa wingi kuliko zote, kwa kuwa vibanda vya gemu vya mitaani viliitumia kwa miaka. Hata hivyo simpendekezei mtu anayejifunza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: bodi ya umeme iko ndani, inapokea volti 230 za ukutani, na kapasita yake kubwa hushika takribani volti 325 za umeme wa moja kwa moja, ambazo zinaweza kubaki kwa muda hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua kuitoa chaji hiyo kwa rezista asiingize vidole humo. Aidha, zipo zilizoletwa kutoka Japani zenye umeme wa volti 100. Ukiichomeka hiyo moja kwa moja kwenye ukuta wetu, fyuzi hulipuka mara moja, na fyuzi ikiwa peke yake iliyoungua jihesabu una bahati.

Ya pili ni lenzi. Mashine nyingine tatu hazina kitu kinachozunguka, lakini PlayStation inasoma CD kwa mwale, na lenzi hiyo huchoka. Katika matoleo ya mwanzo reli ya plastiki inayobeba lenzi hulika na kulegea, ndiyo maana tuliwaona wenye vibanda wakiigeuza mashine juu chini ili isome. Kusafisha lenzi kwa pamba na kupaka grisi nyepesi kwenye reli husaidia kwa baadhi. Wapo mafundi wanaokoroga kile kiskrubu kidogo kinachoongeza nguvu ya mwale. Mashine inasoma kwa muda, halafu lenzi inakufa moja kwa moja, na mteja anarudi akiwa na hasira ya haki. Ukiwa na fedha, kuna vifaa vinavyowekwa mahali pa lenzi na kusoma gemu kutoka kadi ya SD. Hivyo vinamaliza tatizo, lakini bei yake inaweza kuzidi ya mashine yenyewe.

Msomaji atauliza kuhusu zile mashine za kuiga za kaseti za pini 60, zilizotokana na Famicom ya mwaka 1983, ambazo wengi wetu tulizichezea kabla ya zote hizi. Nyingi zina ubongo uliofunikwa kwa tone la gundi nyeusi moja kwa moja juu ya bodi. Tone hilo likifa, basi. Zinunue kwa bei ya soda ujifunzie kulehemu nyaya za pedi, usizitegemee kwa zaidi ya hapo.

Chochote utakachochagua, tunza TV ya chogo kama unayo. Mashine hizi zinatoa picha ambayo flati nyingi huikataa, huichelewesha au huionyesha ikiwa imefifia, hasa ikipitia waya wa antena. Mega Drive na PlayStation zina njia ya AV, hivyo bado unaweza kujaribu kwenye flati yenye matundu ya njano na nyeupe. Commodore 64 nayo ina njia hiyo kwenye tundu la nyuma, ukipata waya wake. Spectrum ya kilobaiti 48 ina antena tu, lakini unaweza kuirekebisha itoe AV kwa kukata njia mbili ndani ya kile kisanduku cha bati na kuruka kwa waya mmoja, kazi ya nusu saa. Chogo lenyewe usilifungue kama hujafundishwa, kwa sababu umeme wake wa ndani hufika maelfu ya volti.

Kwa hiyo anayeanza, ambaye ana mita, pasi ya kulehemu na moyo wa kusubiri, anunue Mega Drive isiyowaka, toleo lolote, na adapta yake aipime kabla ya kulipa. Anayetaka kuelewa kompyuta na yuko tayari kuagiza utando wa kibodi mara moja, aende kwa Spectrum, na asiikatae ile yenye mistari ya rangi kwenye kioo, kwa kuwa hiyo angalau imeonyesha kwamba ULA yake inazungumza. Anayetaka kucheza tu wikiendi na wanawe, atafute PlayStation inayosoma CD mbele ya macho yake, na asinunue isiyosoma kwa ahadi kwamba ni uchafu wa lenzi. Commodore 64 namwachia aliyekwisha kutengeneza mashine mbili tatu na ana mtu wa kumletea chipu.

Yule kijana wa kanga tulikubaliana hivyo. Alipata Mega Drive toleo la pili kwa muuzaji wa mitumba Mabatini, tundu lake la umeme likiwa limekatika kabisa, na alilibadilisha mwenyewe kwenye meza yangu kwa siku mbili za Jumamosi. Commodore ya mjomba iko kabatini kwangu ndani ya sanduku la plastiki lenye vifuko vya kufyonza unyevu, ikisubiri transfoma ya volti 9 ambayo fundi wa mota ameahidi kuisuka mwisho wa mwezi.